Kimulimuli: ni mdudu au ni taa?

Ni vyote viwili. Mdudu ndiye mwenye jina la asili. Taa za kuwakawaka juu ya gari la polisi, la zimamoto au la wagonjwa ziliazima jina lake kwa sababu nazo huwaka na kuzima upesiupesi.

Neno limetoka wapi?

Limetokana na kitenzi mulika. Shina linarudiwa, silabi ka ya mwisho inadondoka, kisha ki- inatangulia. Ndivyo zunguka ilivyozaa kizunguzungu, na geuka ikazaa kigeugeu. Kule kurudia kunabeba maana: mwanga unakuja, unapotea, unakuja tena. Mulika yenyewe ni mali ya Kibantu tangu kale. Mnyarwanda husema kumurika, Mganda kumulisa, na wote wanazungumzia kuangaza.

Hapa Mbulu na Hanang jambo hili linahitaji maelezo kuliko kwingi. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatooga ni ya Kiniloti, na Kihadzabe cha bonde la Yaeda hakina ndugu anayejulikana. Mtoto aliyelelewa katika lugha hizo hana mulika ya nyumbani ya kumsaidia kukisia, tofauti na jirani yake Mnyaturu au Mnyiramba, ambaye lugha yake ni ya Kibantu. Mwalimu asimwone mzito. Amwonyeshe jinsi neno lilivyoundwa, naye ataelewa na kizunguzungu humohumo.

Kumulika na kumeta ni kitu kimoja?

Hapana. Kumulika ni kuelekeza mwanga mahali ili paonekane, ndiyo maana wahenga walisema amulikaye nyoka huanzia miguuni pake. Kumeta ni kung'aa: nyota humetameta, bati jipya humeta juani. Hata hivyo, kimetameta ni jina jingine sahihi la mdudu huyu.

Tuseme “kimulimuli anawaka” au “kinawaka”?

Inategemea unamtaja nani. Mdudu ana uhai, kwa hiyo kimulimuli anaruka, vimulimuli wanaruka. Taa haina uhai: kimulimuli kinawaka, vimulimuli vinawaka. Sarufi inatenganisha kile ambacho jina limeunganisha, na kwa maoni yangu huu ni uzuri wa Kiswahili unaostahili kufundishwa mapema, kabla watoto hawajazoea kuchanganya.

Mdudu huyo anaunguza?

Haunguzi. Ni wa jamii ya mbawakawa, na mwanga wake hutokea tumboni pale kemikali iitwayo lusiferini inapokutana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya. Karibu hakuna joto. Dume na jike hutambuana kwa mpigo wa mwanga, kila aina na mpigo wake. Mabuu wao hula konokono, kwa hiyo mkulima hana sababu ya kuwaua.

Nikiona kimulimuli nyuma yangu barabarani?

Pisha. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, hupokea wagonjwa kutoka mbali, na katika barabara za milimani dakika chache huamua uhai wa mama mjamzito. Punguza mwendo, sogea ukingo wa kushoto, simama ikibidi. Kwenye kona kali kama za mlima Magara usisimame ghafla. Endelea taratibu hadi penye nafasi, ndipo upishe. Na gari lako binafsi usilifunge taa hizo: zikiwa kila mahali, dereva wa mbele ataacha kuziamini.