Mwanangu ana usonji: nimtoe shuleni?

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 ana usonji. Kengele ikilia huziba masikio na kulia. Mwalimu anataka nimtafutie shule maalumu, hata ikibidi Gitega. Nifanyeje? Mama, Muyinga.

JIBU: Pole sana mama, lakini usimtoe. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, na kifungu cha 24 kinampa mwanao haki ya kusoma pamoja na wenzake.

Kuziba masikio si utundu, wala si mapepo. Kelele inamuumiza kweli. Mwalimu amtahadharishe kabla ya kengele, amkalishe mbali na mlango, wala asimlazimishe kumtazama machoni. Mchoreeni ratiba kwenye kadibodi: kuimba, hesabu, mapumziko, nyumbani. Kila kipindi kikiisha, mtoto aufunike mchoro wa kipindi hicho. Najua darasa limejaa. Kadibodi haihitaji mwalimu wa pili. Maagizo yawe mafupi, kwa lugha anayoizungumza nyumbani.

Dawa ya kuponya usonji haipo, usiuziwe. Gitega mpeleke kwa ushauri wa wataalamu tu, kisha mrudishe darasani.

Kesho mwombe mkurugenzi wa shule dakika kumi, ukiwa na kadibodi hiyo mkononi.