Mbwa na Paka: Jinsi ya Kuwafunga Nje na Kuwasafirisha kwa Usalama

Kati ya Januari na Machi, jua la kaskazi linapowaka, joto la mchana hapa Pwani hupita nyuzi 30 za Selsiasi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza hasa kwa kuhema, ulimi ukiwa nje. Hewa anayovuta ikiwa ya moto, kuhema hakumsaidii sana. Kwa hiyo mbwa aliyefungwa juani au kuachwa ndani ya gari anaweza kufa kwa muda mfupi.

Kwa upande mwingine, mbwa anayezurura ni hatari kwa wengine. Anaweza kugongwa na pikipiki barabarani, kuua mbuzi na kuku wa watu, au kumuuma mtoto anayekwenda shule. Pia humkera jirani ambaye ametia udhu na yuko njiani kwenda msikitini. Somo hili linaeleza jinsi ya kumzuia mnyama bila kumuumiza.

Sheria inasemaje?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, yakiwemo yale ya safarini. Mwenye mnyama ndiye anayewajibika.

Kumzuia mbwa nyumbani

Njia bora ni ua uliofungwa vizuri. Kwa mbwa mkubwa, ua ufikie kimo cha mtu mzima. Ikiwa ni wa wavu, fukia sehemu ya chini ardhini ili asichimbe na kupita. Kagua lango kila jioni, kwa kuwa ua mzuri wenye komeo bovu haumzuii mbwa.

Usipokuwa na ua, tandaza waya imara kati ya nguzo mbili, kisha tia pete inayoteleza juu yake na ufunge mnyororo mwepesi kwenye pete hiyo. Mbwa ataweza kutembea huku na huku bila kutoka nje ya boma. Zingatia haya:

1. Mnyororo uwe na urefu wa mita 3 au zaidi, na uwe na kiungo kinachozunguka ili usijisokote.
2. Tumia mkanda mpana wa shingoni. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Usifunge waya au kamba ya nailoni moja kwa moja shingoni, kwa maana hukata ngozi.
3. Usimfunge karibu na ukuta, ua au ngazi. Mbwa akiruka upande wa pili huku amefungwa, atajinyonga.
4. Kivuli kiwepo asubuhi, adhuhuri na alasiri. Mti unaofunika saa tatu asubuhi huenda usifunike saa nane mchana. Kibanda cha makuti hupoa kuliko cha mabati.
5. Mbwa wa kilo 20 huhitaji takriban lita moja ya maji kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Weka maji kwenye chombo kizito asichoweza kupindua.
6. Mfungue kila siku, utembee naye akiwa kwenye kamba. Mbwa anayefungwa mchana na usiku huwa mkali, na siku akikatika hurukia mtu wa kwanza anayemwona.

Ndani ya gari

Hatari kubwa ni gari lililoegeshwa. Joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 katika dakika 10 tu. Kufungua dirisha kidogo hakusaidii vya kutosha, na kivuli huhama. Ukienda sokoni au benki, mwache mbwa nyumbani.

Gari likitembea, mbwa akae kiti cha nyuma, amefungwa kwa mkanda wa kifuani ulioshikizwa kwenye mkanda wa kiti. Usitumie mkanda wa shingoni, maana breki ya ghafla itamvunja shingo. Asipakatwe na dereva, wala asitoe kichwa dirishani. Usimfungie kwenye buti lisilo na hewa.

Kwenye pikapu, usimfunge shingoni nyuma. Akiruka ataburutwa barabarani, na bati lililopigwa na jua huunguza nyayo zake. Mweke kwenye kizimba kilichofungwa imara, chenye hewa na kivuli.

Paka asafirishwe ndani ya kizimba au kasha gumu lenye matundu, hata safari iwe fupi. Paka aliyeshtuka akiwa mikononi hukwaruza na kukimbia. Kumbeba mnyama ndani ya gunia kwenye bodaboda kunaweza kumnyima hewa. Ukipanda matatu, mwulize kondakta kabla hujalipa nauli.

Mpe chakula kidogo saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Katika safari ndefu, simama kila baada ya saa mbili, umpe maji, na umfunge kamba kabla ya kufungua mlango. Ikiwa unavuka kwenda kaunti nyingine, uliza mapema katika ofisi ya mifugo ni kibali gani kinahitajika.

Dalili za kuzidiwa na joto

Mbwa huhema kwa kasi, hutoa mate mazito, ufizi huwa mwekundu sana, huyumba na huweza kutapika. Mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi ya kawaida mwili mzima, umpepee, na umpe maji kidogo kidogo ikiwa ana fahamu. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata akionekana amepata nafuu.

Chanjo na kuumwa

Kufunga mbwa hakuchukui nafasi ya chanjo. Mbwa na paka wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tunza cheti na ukibebe safarini.

Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, lakini chanjo ikitolewa mapema huokoa maisha. Usikimbilie kumuua mbwa aliyeuma. Akiweza kufungiwa bila hatari, afungiwe, daktari wa mifugo aarifiwe, naye achunguzwe kwa siku 10.

Jipime

Je, kivuli cha mbwa wako kipo saa nane mchana? Komeo la lango linafunga? Chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini? Ikiwa jibu moja lina shaka, anza kurekebisha hapo leo, na umwone afisa wa mifugo katika wadi yako kwa ushauri.