Ulimi nao una umri wake

LEO napenda tuzungumzie neema moja ambayo tunaitumia tangu asubuhi hadi usiku bila kuifikiria. Nayo ni neema ya kusema.

Nimesukumwa kuandika mada hii na jambo lililonipata mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa somo la Maarifa ya Uislamu mjini Masasi, lakini asili yetu ni Newala, kule juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo ukisimama unaliona bonde la Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo yake. Bibi yangu mzaa baba aliishi huko mpaka alipofariki. Ujanani aliishi na babu katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na Kiswahili alikijua vizuri. Ndicho alichotumia kutusimulia hadithi. Alipozeeka sana, Kiswahili kikaanza kumtoka. Kwanza alisahau majina yetu, kisha majina ya vitu, hatimaye akabaki na Kimakonde, lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Siku moja nilikaa naye barazani. Akaniambia jambo, nami sikumwelewa. Akarudia mara ya pili na ya tatu, kisha akakasirika na kugeukia ukutani. Shangazi alipotoka jikoni akanishangaa: "Anaomba medi. Maji, baba!" Ndugu msomaji, mimi nina shahada ya chuo kikuu na nafundisha watoto sarufi ya Kiarabu. Bibi yangu aliniomba maji nikashindwa kumwelewa.

Tangu siku ile nimekuwa nikijisomea namna uwezo wa kusema unavyokua na kubadilika katika umri wa mwanadamu. Nimeona kuwa wengi wetu tunadhani mtu akishajua kusema amemaliza, na kwamba uzeeni kinachobaki ni kupungua tu. Sivyo. Kila umri una fungu lake la lugha, na kila umri una haki yake juu yetu.

Utotoni

Katika Suratun-Nahl, aya ya 78, Allah anatukumbusha kuwa tulitoka matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, naye akatujaalia kusikia, kuona na nyoyo. Kusikia kumetajwa kwanza. Wataalamu nao wanatueleza kuwa mtoto huanza kusikia angali tumboni, katika miezi ya mwisho ya mimba. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa mtoto mwenye siku chache tu huipendelea sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwingine. Mwaka 1984, utafiti uliofanywa Canada ulionyesha kuwa watoto wa miezi sita hadi minane, waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza, waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wasemao Kiingereza huona vigumu kuzitofautisha. Walipokaribia mwaka mmoja, uwezo ule ulikuwa umepungua sana. Sikio lilikuwa limeshachagua lugha ya nyumbani.

Neno la kwanza huja mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na akikaribia miwili huanza kuunganisha maneno. Mtafiti Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wa Nairobi wanaosema Kiswahili, na mwaka 2005 akatoa kitabu juu yao. Alikuta kuwa watoto wadogo mara nyingi huacha vile viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Kila mzazi analijua hili: mtoto husema "taka uji" badala ya "nataka uji". Hakuna anayemkalisha darasani kumfundisha kiambishi. Hukipata kwa kusemeshwa, na kwa kusubiriwa ajibu.

Hapa ndipo penye kosa letu watu wa mijini. Tunamkalisha mtoto mbele ya televisheni, au tunampa simu ili anyamaze. Televisheni inasema sana, lakini haimsubiri mtoto ajibu. Mtume (s.a.w.), pamoja na mzigo wa umma aliokuwa nao, alikuwa akizungumza na mtoto mdogo Abu Umayr na kumuuliza habari za kijindege chake. Na yeye mwenyewe utotoni alipelekwa kwa Bibi Halima wa Bani Saad, kwa kuwa Waarabu wa Makka walipenda watoto wao wakulie kwenye hewa safi na lugha fasaha.

Darasani

Masasi ni mahali zinapokutana Kimakua, Kiyao na Kimakonde, na juu yake Kiswahili. Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha nilikuwa na mwanafunzi aliyetoka kijiji kimoja cha upande wa Newala. Nikimuuliza swali anainama. Nilimhesabu kuwa ni mzito, na nakiri kwamba nililitamka neno hilo mbele ya wenzake. Kumbe siku moja nikampita chini ya mkorosho akicheza vitendawili na wenzake kwa Kimakonde. Alikuwa akiwashinda wote, hata waliomzidi umri. Uzito haukuwa wake. Mimi ndiye niliyekuwa nampima kwa lugha moja, nikidhani nimempima akili.

Katika Surat Ibrahim, aya ya 4, tunaambiwa kuwa hakutumwa Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Ikiwa Mitume walisemeshwa hivyo, mwalimu wa madrasa ni nani hata aone lugha ya mama ni aibu? Simaanishi tuache Kiswahili, ambacho ndicho kilichotuunganisha, wala Kiarabu cha dini yetu. Namaanisha kuwa mtoto anayesema lugha mbili au tatu ana hazina. Asidhaniwe kuwa ana kasoro.

Na hazina hiyo ni ya zamani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasia sauti, akizinasa nyimbo za watu wa huku. Babu zetu hawakuwa na shule ya serikali, lakini walikuwa na vitendawili, hadithi za usiku na mafunzo ya jando na unyago, ambamo kijana alijifunza lipi la kusema, kwa nani na wakati gani.

Ujana na utu uzima

Kijana amepewa wepesi. Zayd bin Thabit alikuwa bado kijana Mtume (s.a.w.) alipomwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa muda wa nusu mwezi hivi. Ndiyo maana tunahimiza hifdhi mapema.

Lakini wepesi si kila kitu. Mwaka 2015 watafiti Joshua Hartshorne na Laura Germine walichapisha matokeo ya kuwapima makumi ya maelfu ya watu kwa njia ya intaneti. Walikuta kuwa kasi ya akili hufika kileleni karibu na miaka 18 au 19, ilhali akiba ya maneno huendelea kukua mpaka mtu amepita miaka 60. Kwa maana nyingine, mjukuu hujibu upesi, lakini babu ana maneno mengi zaidi ya kuchagua.

Mfano tunao hapa hapa nchini. Kitabu cha maisha ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyesifika kwa Kiswahili chake, kilizinduliwa tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Alifariki mwaka 2024. Je, ni wazee wangapi katika misikiti yetu wana kitabu kama hicho kifuani na hakuna aliyewauliza?

Uzeeni

Ni kweli kwamba uzeeni mtu hukawia kulipata neno, hasa jina la mtu. Hilo ni la kawaida. Neno halijapotea, njia ya kulifikia ndiyo imekuwa ndefu. Tumsubiri mzee alitafute, tusimmalizie sentensi.

Lakini yapo maradhi, na hapa naomba tuwe makini. Mtu ambaye ghafla anashindwa kusema, au mdomo unapinda, au mkono unalegea, huenda amepata kiharusi. Wengi wetu hukimbilia kusema ni majini au amelogwa, na saa za kuokoa maisha zinapotea. Apelekwe hospitali mara moja. Dua tusiiache, lakini isiwe sababu ya kumchelewesha.

Aidha yapo maradhi ya kusahau ambayo huja polepole, kama yaliyompata bibi yangu. Wazee wa namna hii waliojua lugha nyingi wakati mwingine hurudi kwenye ile ya kwanza. Qur'an imelieleza hili katika Suratun-Nahl, aya ya 70: kwamba wapo wanaorudishwa kwenye umri dhaifu, wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Na katika Suratul-Israa, aya ya 23, tumekatazwa kuwaguna wazazi wanapofikia uzee, tukaamrishwa kuwaambia neno la heshima. Sasa nauliza: neno la heshima tutalisemaje, ikiwa lugha pekee aliyobakiwa nayo mzee sisi hatuijui?

Ndugu zangu mlioko Dar es Salaam, Mtwara na kwingineko, wengi mna mzee kijijini. Wapelekeni watoto likizo wakakae naye, wamsikilize. Msimwachie simu tu na pesa ya sukari.

Mimi nilianza kuandika maneno ya Kimakonde kwenye daftari, shangazi akinifundisha. Bibi alifariki sijafika mbali. Lakini kabla hajafa aliniomba maji tena, na safari ile nilinyanyuka kumletea bila kumwita mtu.