Kutafuta Chanzo Kabla ya Kukaza: Somo la Gasketi ya Sampu Inayovuja

Utangulizi

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha mara nyingi husema kwamba shule aliyopangiwa haina zana. Kabla ya kusema hivyo yafaa atazame nje ya dirisha la darasa. Tuchukue mfano wa kata ya Mwigobero, mjini Musoma. Kata hiyo iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, nayo ina soko na mwalo wa mitumbwi. Magari huingia na kutoka yakichukua samaki na dagaa na kuleta bidhaa za madukani. Hakuna mtoto anayeishi mahali kama hapo ambaye hajaona doa jeusi la oili chini ya gari lililoegeshwa. Doa hilo ni zana tosha ya kufundishia Sayansi, Hisabati na Lugha.

Mwezi Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kazi na masomo visitenganishwe. Wako waliodhani kwamba maana yake ni jembe na shamba la shule tu. Makala haya yanaonyesha kwamba hata kazi ya kubadilisha gasketi ya gari nyumbani yaweza kuwa somo kamili, ikiwa mwalimu ameielewa kwanza yeye mwenyewe.

Shabaha ya somo

Mwisho wa somo, wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi waweze:
(a) kueleza kazi ya gasketi na sababu za kuvuja kwake;
(b) kutofautisha mahali oili inapodondokea na mahali inapotokea;
(c) kukadiria kiasi cha oili kinachopotea kwa siku na kwa mwezi;
(d) kusimulia hatua za kazi kwa mpangilio ulio sahihi.

Maarifa ya mwalimu

Chini kabisa ya injini pana bakuli la bati au la aluminiamu ambalo mafundi huliita sampu. Humo hukaa oili, aghalabu lita 3 hadi 5 katika magari madogo. Pampu huivuta oili hiyo na kuisukuma kwenye krenki, beringi na sehemu nyingine zinazosuguana, kisha oili huteremka tena bakulini. Baina ya sampu na bloku ya injini huwekwa gasketi, yaani utando wa koki, mpira au karatasi ngumu, unaojaza vijishimo vidogo ambavyo vyuma viwili vikigusana haviwezi kuvijaza. Katika injini nyingi za Toyota hakuna gasketi iliyokatwa tayari. Mahali pake hupakwa gundi ya silikoni inayokauka na kuwa mpira. Kwa hiyo fundi huangalia kitabu cha gari husika kabla ya kununua kitu dukani.

Gasketi huharibika kwa joto la miaka mingi, ambalo huikausha na kuipasua. Pia huharibika kwa kukazwa mno. Fundi anapoona oili inavuja, mkono humwasha kuongeza nguvu kwenye bolti. Lakini bolti ikizidi kukazwa, bati la sampu hubonyea kuzunguka tundu lake, gasketi hubanwa hapo na kulegea katikati ya bolti mbili, na uvujaji huongezeka. Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa la somo hili: nguvu haichukui nafasi ya uchunguzi.

Kutafuta chanzo

Oili hufuata mvuto wa dunia. Inaweza kuvuja juu kabisa kwenye kifuniko ambacho mafundi hukiita tapeti kava, au kwenye sili ya krenki, au kwenye chujio la oili, ikatiririka ubavuni mwa injini hadi kwenye sampu, ndipo ikadondoka. Upepo wa safari nao huisukuma nyuma. Anayetazama tone la mwisho peke yake ataibadilisha gasketi ya sampu bure, na siku ya pili doa litakuwa pale pale.

Njia ya kupata ukweli ni nyepesi. Injini husafishwa na kukaushwa vizuri. Kisha ubavu wake na ukingo wa sampu hunyunyiziwa unga mweupe mkavu. Vumbi la chaki lafaa sana. Gari huendeshwa kidogo, huzimwa, na injini ikipoa hutazamwa kwa tochi. Unga ulioloa huonyesha njia ya oili. Chanzo hutafutwa mahali pa juu zaidi na pa mbele zaidi palipoloa. Kipande cha boksi kikilazwa chini ya gari usiku kucha huonyesha idadi na mahali pa matone.

Hatua za kazi

Mwalimu azijue hatua hizi hata kama hatazifanya yeye. Kazi ni ya mtu mzima mwenye uzoefu, na mwanafunzi haruhusiwi kamwe kuingia chini ya gari.

1. Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu. Breki ya mkono huvutwa, na magurudumu yanayobaki chini huwekewa kabari mbele na nyuma.
2. Gari huinuliwa kwa jeki, kisha huegemezwa juu ya stendi za chuma zilizo imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Matofali nayo hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafula. Hatua hii ndiyo inayolinda uhai wa mtu. Atakayeruka nyingine huharibu injini, bali atakayeruka hii huenda asitoke chini ya gari.
3. Oili humwagwa ikiwa vuguvugu, si ya moto, na hukingwa katika beseni pana.
4. Bolti za sampu hulegezwa zote kidogo kidogo, na zile za pembeni huachwa ziwe za mwisho, ili sampu isidondoke upande mmoja. Katika magari mengine chesesi au bomba la ekzosi huzuia sampu kutoka. Hapo yafaa kazi ipelekwe gereji.
5. Sampu iliyogandamana hugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira. Kuichokonoa kwa bisibisi huacha mikwaruzo ambayo itakuwa mfereji mpya wa oili.
6. Masalio ya gasketi ya zamani huondolewa pande zote mbili, na nyuso hufutwa hadi ziwe kavu. Ukingo wa sampu hupimwa kwa rula iliyonyooka. Palipobonyea hunyooshwa polepole juu ya ubao bapa.
7. Gasketi mpya huwekwa. Ikiwa ni gundi, hupakwa mstari mmoja usiokatika, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, na sampu hurudishwa kabla gundi haijaanza kukauka.
8. Bolti zote hushikizwa kwa vidole kwanza. Kisha hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kupokezana upande huu na huu, katika mizunguko miwili au mitatu.
9. Gundi huachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kasha lake, mara nyingi hadi saa 24 kwa kukauka kabisa. Ndipo oili mpya hutiwa, kiwango hupimwa kwa kijiti, injini huwashwa, na ukingo hutazamwa tena.

Oili chafu ina chembe za chuma na kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli. Oili yenyewe iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko na ipelekwe gereji inayoikusanya. Isimwagwe mtaroni, maana huko Mwigobero mtaro na ziwa ni majirani, na ziwa hilo ndilo linalotoa samaki wa sokoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wanafunzi waulizwe kwa nini sheria kama hiyo ilihitajika.

Kuendesha somo darasani

Gari halihitajiwi darasani. Tafuta kopo la plastiki lenye mdomo mpana, ubao bapa wa kufunika mdomo huo, pete iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, na maji yaliyotiwa rangi. Toboa tundu dogo kwenye kitako cha kopo ili hewa iingie. Mwanafunzi mmoja azibe tundu kwa kidole wakati wa kutia maji, afunike kwa ubao, apindue kopo juu ya beseni huku akiubana ubao, kisha aachie tundu. Jaribio lifanywe mara nne: bila pete, kwa pete safi iliyobanwa sawasawa, kwa pete yenye chembe za mchanga, na kwa pete safi iliyobanwa upande mmoja tu. Wanafunzi waandike walichoona kabla mwalimu hajaeleza neno lolote. Wenyewe watagundua kwamba pete peke yake haitoshi: usafi na mkazo ulio sawa vina kazi yake.

Kwa upande wa Hisabati, tuseme tone moja hudondoka kila dakika. Kwa siku ni matone 1,440. Ikiwa darasa limepima na kupata kwamba matone 30 ni mililita 1, basi gari hupoteza mililita 48 kwa siku, na kwa siku 30 mililita 1,440, yaani karibu lita moja na nusu. Katika magari mengi madogo tofauti baina ya alama ya juu na ya chini kwenye kijiti ni takribani lita 1. Waulizwe: alama ya chini itafikiwa baada ya siku ngapi? Jibu ni siku 21 hivi. Doa ambalo mwenye gari alilidharau laweza hatimaye kumwachia injini iliyokwama, na pamoja nayo riziki ya wote wanaoitegemea.

Nguvu ya kukaza nayo ni hesabu. Bolti ndogo za sampu, zinazofunguliwa kwa spana namba 10, mara nyingi huhitaji nyutonimita 7 hadi 12 tu. Nyutonimita 10 ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 1 hivi kwenye ncha ya mpini wa mita 1, au kilo 5 kwenye mpini wa sentimita 20. Mwanafunzi akiinua kilo 5 za sukari kwa mkono wake ataelewa kwamba bolti hiyo haitaki misuli.

Katika Lugha, wanafunzi wapewe hatua zilizochanganywa wazipange, kisha waeleze kinachotokea hatua moja ikitangulia isipostahili. Zoezi hili hufunza matumizi ya "kabla", "baada", "ndipo" na "kisha" kwa faida kuliko sentensi za kubuni ubaoni.

Neno kwa mwanachuo

Somo hili linamhusu mwalimu mwenyewe pia. Mwanafunzi anakosa hesabu za kugawanya. Tone limeonekana kwenye kugawanya, lakini huenda chanzo kiko juu zaidi: hajui jedwali la kuzidisha, au hajaelewa thamani ya nafasi ya tarakimu. Mwalimu anayemrundikia mazoezi thelathini ya kugawanya, au anayeshika fimbo, anafanana na fundi anayekaza bolti iliyokwisha kubonyeza bati. Safisha kwanza, yaani ondoa hofu. Nyunyiza unga, yaani mpe maswali mafupi ya kila ngazi, kuanzia nyepesi kabisa. Pale anapoanza kusita ndipo palipoloa, na hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Tathmini na mazoezi

1. Kwa nini sampu inayong'aa kwa oili si ushahidi kwamba gasketi yake imeharibika?
2. Eleza madhara mawili ya kukaza bolti kupita kiasi.
3. Gari linapoteza matone 2 kwa dakika. Kwa kipimo cha matone 30 kwa mililita 1, litapoteza kiasi gani kwa siku 10?
4. Kwa wanachuo: chagua kosa moja la kawaida la wanafunzi katika somo lolote. Andika maswali matano yatakayokuonyesha chanzo chake, ukiyapanga kutoka ngazi ya chini hadi ile kosa linapoonekana. Yajaribu kwa wanafunzi watatu wakati wa mazoezi ya kufundisha, kisha uandike maandalio ya somo yanayoanzia pale ulipokuta unyevu.