Picha Imo Ndani: Mafunzo Niliyopata Nikifungua Mashine za Gemu za Zamani

Picha safi ya gemu ya zamani haitengenezwi na fundi. Imeshatengenezwa ndani ya chipu, nukta kwa nukta, halafu ikachakaa njiani kabla haijafika kwenye kioo. Kazi yangu, hapa mezani kwangu Dar es Salaam, ni kutafuta inapochakaa. Mezani hupita Famicom za Japani, Sega, na zile TV gemu za Kichina ambazo wengi wetu tulizifahamu kabla ya kuisikia Nintendo yenyewe. Haya ndiyo niliyojifunza kwazo.

1. Geuza mashine, uangalie mgongo wake kwanza

Mtu huja na Sega Mega Drive au Super Nintendo, anasema, "Fundi, nifungulie hii, picha iwe kali." Mara nyingi namrudishia ikiwa haijaguswa bisibisi. Mashine hizo mbili, pamoja na PlayStation ya kwanza, zinatoa RGB kutoka kiwandani, kwenye tundu la nyuma. Zinachokosa ni waya.

Waya wa antena, yaani RF, ndio mbaya kuliko zote. Mashine inapandisha picha na sauti kwenye mawimbi ya chaneli kana kwamba ni kituo cha televisheni, kisha TV inazishusha tena, na katika kupanda na kushuka huko ndipo chenga huingia. Ule wa njano, kompoziti, ni nafuu, ila mwangaza na rangi hupita humo vimechanganyika, na TV inalazimika kuvitenganisha kwa kukisia. Ndiyo maana herufi nyekundu huvuja kingoni. S-Video inaviacha viwili hivyo mbalimbali. RGB inaipa nyekundu, kijani na buluu kila moja njia yake, na hapo hakuna tena cha kukisia.

Angalizo moja kwa anayetaka kujitengenezea waya wa Super Nintendo: ya Ulaya na ya Marekani hazitumii waya mmoja. Ya Marekani, kama ya Japani, inataka kapasita ya mikrofaradi 220 kwenye kila rangi. Ya Ulaya inataka rezista za omu 75 kwenda ethi. Pini ambayo kwa Mmarekani hutoa mpigo wa kupanga mistari ya picha, kwa Mzungu wa Ulaya hutoa volti 12. Ukichanganya hapo, kitakachoungua huenda kikawa TV.

2. Umeme kabla ya picha

Mawimbi yanayopanda polepole kwenye kioo na mvumo kwenye spika mara nyingi havitoki kwenye picha wala kwenye sauti. Vinatoka kwenye adapta. Ndani ya nyingi ya mashine hizi mna kidhibiti cha 7805 kinachoshusha volti 9 au 10 hadi 5, na adapta ya bei ya kutupwa hukipelekea uchafu ambao hakiwezi kuuchuja wote. Badilisha adapta kwanza, halafu ndipo useme mashine ni mbovu.

Kisha kuna mambo ya kuua. Adapta asilia ya Japani imeundwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120, na ukutani kwetu kuna 230. Mega Drive ya kwanza ina hasi katikati ya plagi, ya pili ina chanya. Adapta ya NES, yaani Famicom ya Marekani, hutoa umeme wa AC, wakati Famicom inataka DC na haina cha kuugeuza. Plagi kuingia tundu si ushahidi wa lolote. Mita ni bei ndogo.

3. Transista moja inaweza kumaliza kazi

Hapa ndipo ninapopata raha yangu. Famicom ilitoka Japani mwaka 1983 ikiwa na njia moja tu ya picha: RF. Nayo hurusha kwenye chaneli 1 au 2 za Kijapani, ambazo ziko kati ya megahezi 90 na 102. Kwetu hayo ni masafa ya redio za FM! Ndiyo maana unaweza kuzungusha chaneli za TV yako mchana kutwa usiione Famicom iliyo nzima kabisa.

Dawa ni kuikamata picha kabla haijaingia kwenye kile kisanduku cha bati cha RF. Kwenye Famicom inatoka pini ya 21 ya chipu ya picha. Ila huwezi kuiunganisha moja kwa moja na waya wa njano. TV inapokea picha kupitia omu 75, na pini ile haina nguvu ya kuusukuma mzigo huo. Picha itakuja ya giza, inayoyumba. Unaweka transista ya PNP katikati iwe mbebaji. Mimi hutumia A1015, ile ile inayopatikana katika redio nyingi zilizokufa, pamoja na rezista chache na kapasita ya mikrofaradi 220 kwenye njia ya kutokea. Vitu vyote vinaenea kwenye ubao mdogo kuliko kiberiti.

Mahali pa kuiweka pana uzito kuliko namba za rezista. Iweke jirani kabisa na chipu. Waya mrefu unaovuka bodi hudaka kelele za chipu nyingine, na kelele hizo utaziona kama michirizi ya wima, hafifu, iliyosimama sawasawa juu ya anga la buluu la Mario. Mafundi wengine huinua pini ya 21 isiiguse bodi kabisa, picha itoke hewani moja kwa moja hadi kwenye transista. Nimeona tofauti, na kwa bodi yenye michirizi sugu nafanya hivyo hivyo.

TV gemu za Kichina hazina pini za kuhesabu, kwa sababu chipu yote imefunikwa kwa tone la gundi nyeusi. Fuata nyaya zinazoingia kwenye kisanduku cha bati: utakuta umeme, sauti na picha. Nyingi zimeundwa kwa PAL, mfumo wetu, kwa hiyo rangi hazisumbui. Famicom halisi ni ya NTSC, mfumo wa Japani, na kwenye TV ya zamani inayojua PAL peke yake utapata picha kali ya nyeusi na nyeupe. Mwambie mteja mapema. Akigundua nyumbani atadhani umemuibia rangi.

4. Kuna kitu ambacho hakimo

Mtu akiona RGB ya Sega hutaka hiyo hiyo kwenye Nintendo yake ya biti 8. Tatizo ni kwamba chipu ya picha ya NES na Famicom inaunda kompoziti moja kwa moja. Hakuna mahali ndani yake ambapo nyekundu, kijani na buluu zimekaa zikisubiri kutolewa. Unaweza kuing'oa chipu hiyo, miguu 40, na kuweka chini yake ubao kama NESRGB, unaosoma kile chipu inachokusudia kuchora na kukichora upya kwa RGB. Picha yake inapendeza mno. Gharama ya kuuagiza na hatari ya kuchubua bodi ya zamani ni maamuzi ya mwenye mashine.

Zamani watu walitumia njia nyingine: kung'oa chipu aina ya RP2C03 kutoka kwenye mashine za Nintendo za kumbi za michezo, ambazo zilitoa RGB. Hiyo siifanyi hata kwa malipo. Inaua mashine moja ili kuipamba nyingine, na rangi zenyewe hazilingani na za NES.

5. Sauti ina ubishi wake

Mega Drive ya kwanza ni kichekesho. Tundu lake la nyuma linatoa sauti ya upande mmoja, na stereo imo kwenye tundu la hedifoni, mbele, na kitelezi chake cha sauti. Chomeka hapo, kazi imekwisha. Mega Drive ya pili hutoa stereo nyuma, lakini bodi zake nyingi zina sehemu ya kukuza sauti iliyofifisha besi na kukwaruza ala, na hapo kubadilisha njia ya sauti ni kazi yenye maana.

Kwenye NES wapo wanaofanya stereo ya kutenganisha. Chipu yake hutoa sauti kwa pini mbili: moja ina zile sauti mbili zinazopiga melodi, nyingine ina besi, ngoma na vipande vilivyorekodiwa. Unazipeleka kushoto na kulia. Mimi naichukia. Muziki ule ulipangwa utoke kwenye spika moja, na kwa hedifoni unapata zumari sikio hili na ngoma sikio lile, kama bendi iliyogombana.

Jambo lingine, kwa tuliokulia kwenye TV gemu: nakala nyingi za Kichina zilipishanisha maumbo mawili ya mawimbi, kwa hiyo ala zake zina sauti tofauti na za Nintendo halisi. Mteja mmoja alisikia Mario kwenye Famicom asilia akaniambia nimeharibu sauti. Sikuwa na la kurekebisha. Sikio lake lilikuwa limefundishwa na nakala.

6. Ukali unaweza kufichua usichotaka kukiona

Sonic wa kwanza, 1991, ana maporomoko ya maji ambayo kwenye waya wa njano yanang'aa kama kioo. Unaona miti nyuma yake. Weka RGB, na maji yanageuka kuwa vijiti vya wima, kimoja cha maji, kimoja kitupu. Mega Drive haikuwa na njia nyepesi ya kuchora kitu kinachopenyeza mwanga. Wachoraji walijua kompoziti huvuruga nukta zilizo jirani, wakaupa ule udhaifu kazi ya kuchanganya rangi.

Basi msimamo wangu wa kwamba njiani picha huharibika tu una mpaka wake. Siku hizi sikati kamwe njia ya kompoziti ninapoongeza nyingine. Mwenye mashine abaki na zote, achague kwa gemu anayocheza. Kwa maandishi madogo na gemu za kupanga vipande, RGB. Kwa Sonic, mimi binafsi nacheza kwa waya wa njano.

7. Kapasita huzeeka hata kabatini

Sega Game Gear ndiyo maarufu kwa hili: sauti inanong'ona, kioo kimefifia, mwenyewe anaomba kioo kipya. Badilisha kapasita zote kwanza. Zinavuja maji yanayokula shaba ya bodi, kwa hiyo safisha kabla ya kulehemu mpya.

8. Mwendo nao ni sehemu ya picha

Mega Drive za PAL hukimbia kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60, na gemu nyingi hazikurekebishwa. Unacheza polepole kwa takriban asilimia 17, na juu na chini kuna mikanda myeusi. Swichi moja kwenye bodi hurudisha 60. Sonic wa 2 walimrekebishia muziki wakauacha mwendo, kwa hiyo ni gemu nzuri ya kumwonyesha mteja tofauti.

9. TV bapa haijui inachotazama

Mashine hizi hutuma mistari kama 240, yote mahali pale pale, mara 60 kwa sekunde. TV nyingi mpya hudhani ni picha ya matangazo yenye mistari 480 inayokuja nusu kwa nusu, na kuanza kuishonea nusu ambayo haipo. Matokeo yake ni ukungu, kuchelewa kwa pedi, na mhusika anayemetameta baada ya kupigwa kutoweka kabisa. Vigeuzi vya HDMI vya bei rahisi hufanya kosa lile lile ndani ya kiboksi. Vigeuzi vya OSSC na RetroTINK huzidisha mistari bila kungoja, ila OSSC haipokei kompoziti, kwa hiyo ile transista ya somo la tatu haitoshi kwake.

Na anayeniletea bastola ya Duck Hunt namwelekeza kwenye TV ya kichogo. Ukivuta kifyatulio kioo huwa cheusi, kisha kisanduku cheupe hutokea alipo bata, na jicho la bastola linatafuta mwanga huo papo hapo. TV bapa inauleta umechelewa, na haumetimeti kwa kasi ambayo jicho hilo limetegewa. Waya gani unatumia, RF au RGB, hapo haihusiki, nami kazi hiyo siitozi kitu.