SOMO LA UDONGO: RELI YATAKA UDONGO MGUMU, SHAMBA LATAKA UDONGO MWEPESI

Mkulima, ukisimamisha nguzo ya ua hujazi shimo lote mara moja. Watia udongo kidogo, washindilia kwa mti, kisha watia mwingine. Ukijaza mara moja, juu patakuwa pagumu lakini chini patabaki na hewa, na ng'ombe wa kwanza kujikuna hapo ataiangusha nguzo. Kutengeneza njia ya reli ni kazi hiyo hiyo, ila ni kubwa.

Twaa mfano wa reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Urefu wake ni kama kilomita 472. Katika nyanda za Athi kuna udongo mweusi unaonata, ambao wakulima wa Mwea wanaujua sana. Wakati wa mvua hufura; wakati wa kiangazi hunywea na kupasuka nyufa. Reli ikiwekwa juu ya udongo wa namna hii bila matengenezo, haitakaa sawa.

Kwa hiyo mafundi wa reli hufanya mambo manne:

1. Kuondoa udongo mbaya. Huchimbwa na mahali pake hutiwa changarawe au mawe. Pengine huchanganywa na chokaa ili usifure.

2. Kupima maji. Udongo mkavu mno haushikani. Uliolowa mno hauwezi kushindiliwa. Mwaka 1933 mhandisi R. R. Proctor wa Marekani alionyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji kinachoufaa.

3. Kushindilia kwa matabaka. Tabaka la kama sentimita 20 au 30 hupitiwa mara nyingi na mtambo wenye gurudumu zito la chuma. Hupimwa, ndipo tabaka la pili liwekwe.

4. Kuongoza maji. Chini ya tuta huwekwa njia za maji. Usizizibe, wala usichimbe udongo kando ya tuta, maana tuta laweza kuporomoka.

Sasa angalia shamba lako. Trekta au ng'ombe wakipita udongo ungali umelowa, wanaushindilia kama wa reli. Tena plau ikilima kina kile kile kila mwaka, tabaka gumu hufanyika chini yake. Mizizi haipenyi, na maji ya mvua hayaingii, bali hukimbia pamoja na udongo mzuri.

Jaribu hivi. Baada ya mvua, sukuma chuma chembamba ardhini kwa mkono. Kikiingia vyema kisha kikakataa ghafla, chimba hapo. Ukiona mizizi imepinda kando, tabaka gumu lipo. Livunje wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kisha tia samadi. Na kabla ya kulima, finya udongo mkononi. Ukinata kama wa kufinyangia chungu, ngoja siku chache.

MASWALI
1. Kwa nini tuta la reli hushindiliwa kwa matabaka?
2. Kwa nini ng'ombe wasiingizwe shambani mara baada ya mvua?