SOMO LETU: TAKA ZINAZOOZA NA GESI ISIYOONEKANA

Ndugu wanavikundi, wengi wetu tuna shimo la taka nyuma ya nyumba. Tunatupa maganda ya ndizi, majani ya sukuma wiki na mabaki ya ugali, likijaa tunafukia na kuchimba lingine. Tunadhani mambo yameisha. Lakini chini ya udongo kazi ndiyo kwanza inaanza.

Vijidudu vinavyoozesha taka pasipo na hewa hutoa gesi iitwayo methani. Haina rangi wala harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu 5 hadi 15 katika kila 100, cheche moja inatosha kuilipua. Ikipanda angani hushika joto la jua. Kwa muda wa miaka 20, kilo moja ya methani huongeza joto la dunia mara 80 hivi kuliko kilo moja ya gesi ya kaboni. Ndiyo maana tunaihusisha na mvua zetu zilizopoteza ratiba.

Tujifunze kwa waliotangulia kukosea

Uingereza ilizika taka zake kwa miaka mingi. Machimbo ya zamani ya mawe na udongo yalijazwa taka, kisha yakafunikwa. Tarehe 24 Machi 1986, katika kijiji cha Loscoe, nyumba moja ililipuka asubuhi na watu watatu wakaumia. Gesi ilikuwa imetoka katika jaa la taka la jirani, ikapenya kwenye nyufa za miamba mpaka chini ya sakafu. Jaa lenyewe lilikuwa limeshaacha kupokea taka za majumbani. Hapo watu wakajua kwamba kufukia si kumaliza.

Hatua zilifuata moja moja. Mabomba yalitiwa ndani ya majaa ili kuvuta gesi na kuichoma, au kuendesha mitambo ya umeme. Oktoba 1996 serikali ilianza kutoza kodi kwa kila tani iliyozikwa: pauni 7 kwa taka za kawaida, na pauni 2 kwa mawe, udongo na vitu kama hivyo visivyooza. Mwanzo wa ngoma ni lele. Kodi ile ilipandishwa pole pole, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imepita pauni 100 kwa tani. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kupunguza taka zinazooza kwenye majaa. Basi kuzika kukawa ghali, na kutenganisha kukawa na faida.

Matokeo ni kwamba gesi chafu kutoka kwa taka za Uingereza imepungua kwa zaidi ya theluthi mbili tangu 1990.

Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, haikushuka kwa siku moja. Jaa ni kama jiko la makaa. Ukiacha kutia makaa, joto halikatiki papo hapo. Taka zilizozikwa huendelea kutoa gesi kwa miaka mingi sana. Anayechelewa leo anawaachia watoto wake deni.

Pili, sehemu ya taka zilihamia kwenye matanuri ya kuzalisha umeme, nayo hutoa gesi ya kaboni. Kwa hivyo tukisikia hesabu imeshuka mahali pamoja, tuulize: je, imepanda wapi?

Tatu, methani hukaa angani miaka 12 hivi tu. Tukipunguza sasa, nafuu itaonekana tukiwa hai.

Na sisi je?

Jaa la Dandora, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na bado magari yaliendelea kumwaga taka huko kwa miaka mingi. Sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza. Tusingoje askari wa kaunti, tuanze nyumbani:

1. Tuweke ndoo mbili: moja ya vitu vinavyooza, nyingine ya plastiki, chupa na mabati.

2. Vinavyooza tutengenezee mboji. Tupange majani makavu, mabichi na samadi, tabaka juu ya tabaka. Tuyageuze kila baada ya majuma mawili au matatu ili hewa iingie. Penye hewa, methani ni kidogo sana, na shamba linapata mbolea bila kwenda dukani.

3. Wenye ng'ombe wafikirie mtambo wa bayogesi. Gesi ni ile ile methani, lakini ikifungwa vizuri inapika chai. Mtambo ukivuja hasara ni mbili, kwa hivyo mabomba yakaguliwe mara kwa mara.

4. Tusichome plastiki uani, moshi wake ni sumu. Wala tusiwashe moto juu ya jaa la zamani, na asijenge mtu hapo.

Maswali ya kujadili kikundini

- Taka za soko letu huishia wapi? Nani anaishi karibu na hapo?
- Katika ndoo moja ya taka za nyumbani, ni kiasi gani kinaoza? Kila mmoja apime kabla ya mkutano ujao.
- Kikundi chetu kinaweza kuuza mboji? Kwa nani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu sisi uko pale nyuma ya nyumba.